Maisha ya Daktari Michael Wood na Simu Yake ya Upepo

Katika sehemu hii ya Kiswahili tumezoea kusoma habari za wafalme, wapiganaji na wavumbuzi. Leo nimeazimia kuwasimulia maisha ya daktari mpasuaji mmoja aliyefariki mwaka 1987, kabla ye yote kati ya wanafunzi wa sasa hajazaliwa. Kazi yake aliifanya zaidi Kenya na Tanganyika, wala si hapa Gisenyi. Najua mtaniuliza kwa nini nimemchagua huyu, hali tunao watu wetu. Kabla sijajibu nitawapa kisa kimoja cha nyumbani kwetu.

Mdogo wangu wa kike alipokuwa na umri wa miaka mitatu alitumbukiza mkono wa kulia katika sufuria ya uji uliokuwa ukichemka. Mama alimbeba mbio hadi mahali pa matibabu, sitapataja jina, na pale wakamwosha, wakampaka dawa, wakaufunga mkono mzima kwa bandeji, vidole vimekunjwa kama ngumi. Kidonda kilipona vizuri; kila aliyekiona alisema hivyo. Lakini bandeji ya mwisho ilipoondolewa vidole havikukunjuka. Ngozi mpya ilikuwa imejivuta ikavishikamanisha na kiganja. Tukaambiwa aende Kigali kumwona bingwa. Barabara ile mnaijua: kilomita 155 hivi, kona baada ya kona, mpaka Musanze na kuendelea, na mtoto anatapika juu ya mapaja ya mama ndani ya twegerane. Kwa safari ya kwanza mama aliuza mbuzi wawili, akafika akaambiwa bingwa hayupo, arudi mwezi ujao. Safari ya tatu ndipo mtoto alipopasuliwa. Na siku ile bingwa, mtu mpole kabisa, alimweleza mama kwamba kama vidole vingenyoshwa na kufungwa juu ya kibao katika siku za mwanzo, huenda pasingekuwa na haja ya kisu.

Mama hakusema neno njia nzima ya kurudi. Mimi nilikuwa mdogo, lakini jambo lile lilinikaa. Elimu ya kuuokoa mkono wa mtoto yule ilikuwapo Kigali siku ile ile uji ulipomwagika. Ilikuwa ni maneno kama kumi tu, ya kusemwa kwa muda usiozidi dakika moja, na hayakuwa na njia ya kutufikia. Ndiyo maana nilipokuja kusoma habari za Michael Wood sikuweza kuziweka chini.

Jina lake kamili ni Arthur Michael Wood. Alizaliwa wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikimalizika, akasomea udaktari katika hospitali ya Middlesex, mjini London, nyakati ambazo mabomu yalikuwa yakiuangukia mji ule katika vita ya pili. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mgonjwa wa pumu. Pumu hiyo ndiyo iliyomleta Afrika, maana hewa ya London haikumfaa hata kidogo, naye alitaka nchi ya juu yenye hewa kavu. Wakati wa vita alimwoa Susan Buxton, na hapa ndipo habari yetu inapokaribia nyumbani. Susan alizaliwa mwaka 1918 katika msitu wa Ituri, ng'ambo ya mpaka wetu, kaskazini ya Kivu, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari. Babu yake, mzaa mama yake, alikuwa C. T. Studd, mchezaji wa kriketi aliyevuma Uingereza nzima kisha akaacha yote na kwenda kuhubiri Kongo. Kwa hiyo mume alipotaka kuja Afrika kwa ajili ya mapafu yake, kwa mke ilikuwa ni kama kurudi kwao.

Walifika Kenya muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili. Wood alifanya kazi ya upasuaji Nairobi, na kama angependa angeweza kukaa mjini maisha yake yote, akatibu wenye fedha na kucheza gofu Jumamosi. Lakini alianza kuitwa huku na huku na hospitali za misheni zilizokuwa mbali, na huko aliyaona mambo ambayo mjini hayakuonekana. Aliwaona watoto walioanguka katika moto wa mafiga, kidevu kimeshikamana na kifua, au vidole vimeshikamana na kiganja kama vya mdogo wangu. Aliwaona watoto waliozaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, ambao wazazi waliwaficha ndani wageni walipokuja. Aliwaona wachungaji wadogo walioumwa na fisi usoni walipokuwa wamelala nje na mifugo. Watoto hao hawakuwa karibu na kufa. Walikuwa wazima, wenye akili zao, ila walikuwa wamefungiwa maisha kwa jambo ambalo mpasuaji anayejua kazi yake angeweza kulirekebisha kwa saa mbili.

Yeye mwenyewe hakuijua kazi hiyo vya kutosha. Basi alifanya jambo ambalo watu wazima wengi huliona aibu: alirudi shuleni. Katika miaka ya 1950 alikwenda Uingereza, mji mdogo wa East Grinstead, kujifunza kwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, ambaye wakati wa vita alikuwa amepata sifa duniani kote kwa kuwatengeneza upya marubani walioungua nyuso na mikono. Upasuaji wa namna hii ni kazi ya subira. Huchukuliwa ngozi paja au tumbo ikahamishiwa mahali ilipopungua. Hukatwa kovu linalovuta, kiungo kikanyoshwa, na pengo likazibwa. Mara nyingi hufanywa kwa hatua, operesheni tatu au nne au kumi, na kati ya moja na nyingine mgonjwa lazima atunzwe na mtu anayejua anachokitazama. Likumbukeni jambo hili la mwisho, kwa sababu ndilo lililomsumbua Wood baadaye.

McIndoe alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na akina Wood nao walilima upande huo huo wa mlima, mahali paitwapo Ol Molog. Mwaka 1956 walikutana huko watu watatu: McIndoe, Wood, na mpasuaji kijana wa Kimarekani, Thomas Rees, aliyekuwa pia mwanafunzi wa McIndoe. Walizungumza juu ya nchi kubwa iliyokuwa chini yao. Hospitali zilikuwa chache na barabara mbovu, na mabingwa wa kazi yao katika Afrika ya Mashariki walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka uliofuata, 1957, walianzisha chama ambacho leo chajulikana kwa jina la Amref, makao yake Nairobi. Fedha za mwanzo zilitoka kwa wahisani wa Uingereza na Marekani. Mmoja aliyewasaidia sana kuzitafuta ni Arthur Godfrey, mtangazaji wa redio aliyependwa mno Marekani wakati ule. McIndoe alifariki mwaka 1960, na mzigo ukawa wa Wood hasa.

Sifa ya Wood ilitokana na eropleni. Alijifunza kuirusha mwenyewe, akawa anaondoka Nairobi alfajiri na sanduku la vyombo vya upasuaji nyuma ya kiti chake, anashuka penye uwanja uliofyekwa majani na watu wa misheni baada ya kufukuza ng'ombe, anapasua mpaka jioni, analala, na kesho yake anaruka kwenda hospitali nyingine. Watu walimpenda, na magazeti ya Ulaya yakampenda zaidi, maana picha ya daktari akishuka kutoka angani ni picha nzuri. Mimi pia nilipokuwa mtoto ningependa picha hiyo. Lakini nimesoma habari zake mara nyingi sasa, na kwa maoni yangu kazi kubwa aliyoiacha inatokana na chombo kingine kisichopigwa picha.

Fikirini. Eropleni ni moja na rubani ni mmoja. Inakula petroli, inavunjika gurudumu, haishuki usiku penye majani. Ikifika mahali leo, haitarudi pengine mpaka mwezi ujao. Daktari anampasua mtoto mkono, anaruka kwenda zake, na siku ya nne kidonda kinaanza kutoa usaha. Mwuguzi wa misheni anakitazama na hajui kama ni jambo la kawaida au kama ngozi ile mpya inakufa. Amwulize nani? Barua itachukua wiki mbili. Na hao ni watoto waliobahatika kuonwa na bingwa. Wapo wengine mia ambao bingwa hakuwaona kamwe, na ambao wangesaidiwa na neno lake moja tu.

Jibu lilikuwa redio ya kupokezana maneno, ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo. Wood na wenzake hawakuwa wa kwanza kuifikiria. Australia, mchungaji mmoja jina lake John Flynn alianzisha madaktari wa ndege mwaka 1928, na mwaka 1929 fundi Alfred Traeger akawatengenezea redio ambayo umeme wake ulipatikana kwa kukanyaga pedeli kama za baiskeli, ili mke wa mchunga kondoo aliye peke yake jangwani aweze kukanyaga na kusema na daktari. Baadaye kila shamba lilipewa sanduku la dawa zilizotiwa namba. Daktari hakuwa na haja ya kutaja jina gumu la dawa. Alitaja namba tu, na mama akaitafuta sandukuni. Ni jambo dogo, lakini limewaokoa watu wengi sana.

Katika miaka ya 1960 Amref ilijenga mtandao wa namna hiyo kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Chombo kimoja kiliwekwa katika hospitali ya misheni hii, kingine katika zahanati ile, na kadiri miaka ilivyopita vituo vikazidi 100. Nitaeleza kidogo jinsi kinavyofanya kazi, kwa ajili ya wale wa darasa la fizikia. Mawimbi ya redio hii ni marefu kuliko yale ya simu zetu za mkononi. Hayahitaji minara. Yanapanda angani mpaka kwenye tabaka la hewa lililochajiwa na jua, yanagonga pale kama mpira unavyogonga ukuta, na kurudi chini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Kwa hiyo milima haiyazuii. Chombo chaweza kuendeshwa kwa betri ya motokaa. Lakini tabaka lile hubadilika mchana na usiku, na sauti inayosikika safi asubuhi yaweza kuwa mkwaruzo mtupu jioni. Tena mtu mmoja tu huweza kusema kwa wakati mmoja: unabonyeza, unasema, unaachia, unasikiliza. Na kila mwenye chombo katika mtandao anasikia yote. Siri ya mgonjwa haikuwapo. Hilo lilikuwa kosa, na tusilifiche. Ila pia wauguzi wa vituo vingine walisikiliza, wakajifunza kwa shida za wenzao.

Sasa mtizameni mwuguzi aliye peke yake na mtoto anayehema kwa shida. Bingwa aliye Nairobi hamwoni mtoto, hawezi kumgusa tumbo, hawezi kusikiliza kifua. Ana kitu kimoja tu, macho na mikono ya mwuguzi, naye inambidi avitumie kwa maswali. Mtoto ana umri gani? Ana uzito gani? Hilo la uzito huja mapema sana, kwa sababu dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo, na kipimo cha mtu mzima kwaweza kumwua. Ananyonya? Kifua kinazama chini ya mbavu anapovuta pumzi? Anavuta pumzi mara ngapi kwa dakika? Mwuguzi anarudi kwa mtoto na saa yake ya mkononi, anahesabu dakika nzima, anarudi kwenye chombo. Leo wauguzi wetu hufundishwa kwamba mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja mpaka mitano akivuta mara 40 au zaidi, huenda ana homa ya mapafu. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la kwanza la sekondari angeweza kuifanya. Lakini hesabu hiyo ikifika kwenye sikio la mtu anayejua maana yake, inakuwa kama uchunguzi wa hospitali kubwa. Mara nyingine neno lilikuwa kwamba mtoto abaki hapo hapo na dawa ile iliyopo; mara nyingine kwamba ndege iondoke sasa hivi.

Na mtoto aliyeungua? Huyo ndiye ninayemfikiria kila mara. Mwuguzi aeleze kimo na upana wa kidonda, rangi yake, kama ngozi ina maumivu au imekufa ganzi, kama kimepita juu ya kiungo. Kama kimepita juu ya kiungo, jibu la mtu aliyefundishwa East Grinstead ni lile lile aliloambiwa mama yangu akiwa amechelewa: nyosha, funga kibao, kila kidole na bandeji yake.

Wood aligundua upesi kwamba redio haina faida kama upande wa pili hakuna mtu aliyefundishwa kutazama. Bingwa anaweza kuuliza swali zuri kiasi gani, lakini akijibiwa kwamba mtoto anaumwa tu, basi mazungumzo yamekwisha. Kwa ajili hiyo chama chake kikaanza kugeuka. Kutoka kupasua kikaingia katika kufundisha: safari za mafunzo, darasa za waganga wasaidizi, na vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi kwa watu wa zahanati za mashamba. Kitabu kimoja cha mwanzo katika mfululizo huo kilihusu afya ya watoto. Wapo wapasuaji waliolalamika kwamba haya si mambo ya bingwa. Naona walikosea, na naona Wood, ambaye alikuwa bingwa kuliko wengi wao, alistahili heshima zaidi kwa kukubali kwamba kisu chake peke yake hakitoshi kuliko kwa safari zake zote za angani.

Hakuwa mtu bila dosari, wala mimi sipendi maisha yanayoandikwa kama ya malaika. Alikuwa mlowezi mwenye shamba kubwa katika nchi ya watu wengine. Katika siasa alikuwa mmoja wa viongozi wa chama cha Capricorn, kilichotaka watu wa rangi zote waishi pamoja chini ya sheria moja bila ubaguzi. Hilo ni jema, na Wazungu wengi walimchukia kwa ajili yake. Lakini chama hicho kilitaka kura zitolewe kwa kipimo cha elimu na mali, na mtu mmoja aweze kuwa na kura zaidi ya moja. Waafrika waliokuwa wakidai uhuru walikikataa, na walikuwa na haki. Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, Uganda na Rwanda yetu mwaka 1962, Kenya mwaka 1963, na Capricorn ikafifia. Wood hakufunga mizigo. Watu wengi wa namna yake waliondoka wakinung'unika. Yeye alibaki, akafanya kazi chini ya serikali mpya.

Wengine walijiunga naye. Anayekumbukwa zaidi ni Anne Spoerry, daktari mwanamke kutoka Ufaransa, aliyeruka kwa miaka mingi mpaka Lamu na kaskazini ya Kenya, na ambaye watu wa huko walimwita Mama Daktari. Naye Susan, mke wa Wood, hakukaa bure. Mwaka 1975 alianzisha karakana ya shanga za udongo katika kitongoji cha Karen, Nairobi, akiwa na wanawake wawili wenye shida ya kulea watoto peke yao, akaiita Kazuri. Ipo mpaka leo, nasi tunaweza kujivuna kidogo kwamba jina lake ni la Kiswahili.

Kazi iliyomchosha Wood kuliko zote, naamini, ilikuwa kuomba fedha. Kila mwaka alisafiri Ulaya na Amerika, anasimama mbele ya watu waliokwisha kula chakula cha jioni na kuwaeleza habari za watoto ambao hawatawaona kamwe. Redio haiharibiki mara nyingi, lakini betri hufa, fundi hula mshahara, na anayekaa mbele ya chombo usiku kucha hula pia. Mwaka 1985 aliiacha kazi ya uongozi wa Amref, na mwaka huo huo akapewa na Malkia wa Uingereza cheo cha kuitwa Sir. Badala ya kupumzika, alianzisha pamoja na David Campbell chama kingine, FARM-Africa, cha kuwasaidia wakulima na wafugaji wadogo, baada ya kuona njaa ya Ethiopia ya miaka ile. Hakuwa na muda mrefu. Alifariki mwezi Mei, 1987.

Redio ya Wilson haikufa pamoja naye. Kwa miaka mingi baada yake vituo viliendelea kuita, mpaka simu za mkononi zilipofika na kuchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Na simu hizo zimeleta kitu ambacho Wood hakuwa nacho: picha. Katika miaka ya 2000 Amref yenyewe ilianza kuziunganisha hospitali za mbali na mabingwa kwa njia ya kompyuta, na jambo hilo sasa huitwa telemedisini. Mwuguzi hupiga picha ya kidonda, au ya filamu ya eksirei iliyowekwa dirishani, huandika umri na uzito na siku ya ugonjwa, hutuma. Bingwa hujibu atokapo chumba cha upasuaji. Hakuna haja ya wote wawili kuwa huru kwa wakati mmoja. Kwa ngozi, kwa mifupa, kwa mdomo uliopasuka, picha moja nzuri yatosha mara nyingi kuamua kama mtoto asafiri leo, au baada ya miezi mitatu, au asisafiri kabisa. Kwa tumbo haitoshi. Tumbo lazima liguswe, na mtu ye yote atakayewaambia vinginevyo msimwamini.

Hapa kwetu Rwanda tumejaribu mengi. Karibu mwaka 2010, katika wilaya ya Musanze, washauri wa afya wa vijiji walianza kutumia ujumbe mfupi wa simu kutoa habari za mama wajawazito na watoto wachanga, kisha mpango ukaenea nchi nzima. Mwaka 2016 kampuni ya Babyl ilianza kuwaunganisha watu na wauguzi na madaktari kwa simu, na watu wengi waliizoea. Ikafungwa mwaka 2023, kampuni mama yake ya Uingereza ilipofilisika. Niliposikia habari hiyo nilimkumbuka Wood amesimama mbele ya meza za chakula. Mwaka huo huo wa 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Tunapenda sana kuzitazama zikipita, kama watu wa zamani walivyopenda kutazama eropleni.

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu, mwanawe amemwagikiwa na maji ya moto kwenye goti. Mwuguzi aliyetupokea alikuwa msichana, pengine hajamaliza mwaka mmoja kazini. Alimwosha mtoto, kisha akaomba ruhusa ya mama, akapiga picha mbili kwa simu yake, moja kwa karibu na moja ya mguu mzima, akaziandikia maneno machache na kuzituma kwa daktari anayemjua. Tulingoja kwenye benchi. Mama alikuwa akiuliza kila baada ya dakika kama itabidi waende Kigali. Jibu lilikuja kabla chupa yangu ya maji haijaisha. Mwuguzi alilisoma mara mbili kwa midomo bila sauti, akaingia ndani, akatoka na kibao kirefu, na kuufunga mguu wa mtoto ukiwa umenyoka.

Mdogo wangu yuko sekondari sasa. Anaandika kwa mkono ule ule wa kulia, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, ila kidole cha mwisho hakinyooki, na kwenye baridi ya asubuhi hukificha mfukoni.